Fundi umeme wa mtaani: jinsi ya kuacha kugongewa muhuri na kuanza kusaini kazi zako mwenyewe

Mafundi wenzangu, kuna swali halikauki vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp, eti hivi vyeti, leseni na vyama vina faida gani kwa mtu aliyejiajiri, si mteja anaangalia kazi tu na kazi ikiwa safi anakuita tena? Naandika hapa kwa urefu kidogo kwa sababu jibu la haraka haraka huwa linawapoteza vijana wengi, anakaa kwenye fani miaka nenda rudi, mikono mizuri, lakini kila akimaliza nyumba inabidi amtafute mtu wa kumgongea muhuri. Nitaongea zaidi kuhusu Tanzania na ufundi umeme maana ndo ninaoujua, Kenya nitaigusa mwishoni kwa walioko huko au wanaofikiria kwenda.

Tuanze na ukweli wenyewe. Mteja kweli anaangalia kazi. Ila nyumba ikishaisha wayaringi anaomba kuunganishiwa umeme, siku hizi anaomba kwa simu kupitia Nikonekt, mfumo wa maombi wa TANESCO, akiwa na namba yake ya NIDA, na hapo TANESCO hawakujui wewe kwa sura, wanataka wayaringi iwe imefanywa na mkandarasi au fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kama huna ndo unaanza kuzunguka. Umekata ukuta wewe, umevuta waya wewe, umefunga DB (boksi la breka) na kuchimbia ethi rodi (fimbo ya ethi) wewe, halafu mtu ambaye hajawahi hata kufika kwenye hiyo saiti anaweka jina lake na unamlipa. Yaani unalipa pango kwenye kazi ya mikono yako mwenyewe, kila nyumba, kila mwezi. Na nyumba ikija kuungua kwenye karatasi haupo, mwenye jina atasema wewe ndo uliyefanya na wewe huna cha kuonyesha kwamba ulipima ukakuta iko salama. Mmebaki wawili, hakuna anayeibeba kazi kikamilifu, na mwenye nyumba ndo anaumia.

Mimi msimamo wangu ni huu, anayesaini ndiye mwenye kazi. Bei, heshima, na kuitwa tena vinamfuata yeye. Kwa hiyo lengo la mwongozo huu wote ni jina lako lifike kwenye hiyo karatasi.

Kwanza usichanganye makaratasi

Watu wanasema "cheti" kumaanisha vitu vinne tofauti, matokeo yake mtu analipia kitu ambacho hakimsaidii alipo. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kinasema unajua kazi. Leseni ya EWURA inasema unaruhusiwa kufanya kazi ya kufunga umeme na kiasi gani, hii ndo inatoka kwenye Sheria ya Umeme ya 2008 na siyo hiari. Usajili wa bodi kama CRB, ile Bodi ya Usajili wa Makandarasi iliyoanzishwa kwa sheria ya 1997, unahusu kampuni yako kuingia mikataba ya ujenzi kama mkandarasi. Halafu kuna uanachama wa chama cha mafundi au wakandarasi, huu ndo wa hiari kabisa, na faida yake inategemea hicho chama kina watu gani na kinafanya nini.

Utaratibu wa kulipia ni huo huo nilioutaja. Cheti, leseni, halafu ndo unafikiria bodi na chama. Nimewaona watu wanaanzia kwenye chama kwa sababu kitambulisho chake kinatoka haraka na kina picha nzuri, halafu wakienda nacho TANESCO wanarudishwa.

Hatua ya 1: jua unaanzia wapi

Kama ulisoma VETA una cheti cha NVA level I, II au III, au una zile grade test za zamani, wewe uko mbali tayari, nenda hatua ya pili. Kama una diploma au kile cheti cha zamani cha fundi sanifu (FTC) wewe ni fundi sanifu, unaweza hata kujisajili ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kwa upande wa mafundi sanifu, na kwenye leseni utaomba daraja la juu kuliko wenzako.

Kundi kubwa ni la wale waliojifunza kwa kumshikia fundi ngazi. Hukukaa darasani ila unaijua kazi. Kwako kuna njia inaitwa urasimishaji wa ujuzi, wengine wanaijua kwa herufi za RPL, VETA ndo wanaifanya, na kuna nyakati Ofisi ya Waziri Mkuu inagharamia makundi ya mafundi kwa hiyo ni vizuri kuulizia kwenye chuo cha VETA kilicho karibu na pia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako kama kuna awamu imefunguliwa. Hawakurudishi darasani kuanza moja. Wanaangalia unachokijua, wanakupima kwa vitendo na kwa maswali, sehemu ambayo una pengo unapewa mafunzo mafupi, halafu unapata cheti kinachotambulika.

Sasa hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndo mahali ambapo watu wenye mikono mizuri wanakwama. Anayekupima hataki tu kuona unafunga soketi. Anataka aone unaelewa unachofanya. Atakuuliza kwa nini taa unavutia waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi 2.5, na kwa nini jiko au hita ya maji haiwezi kukaa kwenye waya wa soketi. Atakuuliza nyutro na ethi zinakutana wapi na kwa nini hazitakiwi kukutana ovyo huko mbele kwenye nyumba. Atakuuliza ile breka ya RCD, inayolinda mtu asipigwe na umeme, inaruka kwa sababu gani wakati mzigo haujazidi. Jibu la "ndo tunavyofanyaga" halina maksi. Na kuna kupima, hapa ndo aibu ya mtaani ilipo, mafundi wengi tunamaliza nyumba tunawasha taa zikiwaka tunaondoka. Taa kuwaka siyo kipimo. Unatakiwa ujue kutumia mega, kile kifaa cha kupimia insulesheni ya waya, unapima uwezo wa insulesheni kwa volti 500 za DC, na kwa nyumba ya kawaida usomaji usishuke chini ya megaohm 1, ukipata chini ya hapo ujue kuna waya umechubuka, kuna maji kwenye bomba, au kuna kifaa umekiacha kimeunganishwa. Unapima mwendelezo wa ethi. Unapima ethi rodi yenyewe ina ukinzani kiasi gani kwenye udongo wa pale, maana mchanga mkavu wa Dodoma na udongo wa unyevunyevu wa Bukoba haviwezi kukupa jibu moja.

Kama huna mega usiogope, azima kwa fundi mwenye leseni, mwombe akufundishe kwenye saiti yake, fanya hivyo mara kadhaa mpaka mkono uzoee kabla hujaenda kupimwa.

Pamoja na hayo kusanya ushahidi wa kazi zako. Piga picha mabomba na maboksi kabla ya plasta, maana hapo ndo kazi ya umeme inaonekana, ukipiga picha ya ukuta umepakwa rangi hujaonyesha kitu. Piga picha DB ikiwa wazi waya zimepangwa na zimeandikwa. Mwombe fundi aliyekufundisha akuandikie barua yenye tarehe na aina ya kazi mlizofanya, na barua ya serikali ya mtaa inayosema wanakufahamu kama fundi. Wateja wawili watatu waliokubali namba zao zitumike. Hivi vitu utavihitaji tena kwenye leseni kwa hiyo usivitupe.

Hatua ya 2: nyoosha majina kabla ya kitu kingine chochote

Hii inaonekana ndogo lakini inachelewesha watu kuliko mtihani. Cheti cha form four kimeandikwa jina la babu, NIDA imeandikwa jina la baba, VETA wamekosea herufi moja. Mfumo hauna huruma na herufi. Weka makaratasi yote mezani, NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha ufundi, TIN, angalia jina limefanana herufi kwa herufi, kama halijafanana nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina au urekebishe panapowezekana, na hilo lifanye kabla hujaanza kujaza fomu yoyote. TIN inatolewa bure na TRA, mtu akikuambia inalipiwa huyo ni kishoka.

Na hapo hapo tengeneza barua pepe yako mwenyewe, siyo ya shemeji wala ya mwenye stationari. Mtu wa stationari akifunga duka au akibadilisha paswedi wewe umekwisha.

Hatua ya 3: leseni yenyewe

EWURA ilianzishwa kwa sheria ya 2001 na ikaanza kazi 2006, na ndiyo inayotoa leseni za ufungaji wa mifumo ya umeme. Maombi yanafanyika kwenye mfumo wao wa LOIS mtandaoni, unajisajili, unachagua aina ya leseni, unapakia vyeti, picha, kitambulisho, maelezo ya uzoefu na wadhamini, unapewa namba ya malipo ya serikali unalipa benki au kwa simu. Malipo yoyote ambayo hayapiti kwenye namba ya malipo ya serikali ni ya kishoka, hata kama aliyekuambia amevaa kitambulisho shingoni. Ukikwama kuna ofisi za kanda, siyo lazima ufike makao makuu Dodoma, kuna Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya, nenda na makaratasi yako halisi uulize unachokosa, wanasaidia.

Leseni ziko kwa madaraja ya herufi, A ndo ya juu kabisa, na kadiri unavyoshuka ndo ukubwa wa kazi unavyopungua. Sasa kuna tabia ya kutaka daraja kubwa kwa sifa. Mtu anafunga nyumba za feizi moja maisha yake yote anaomba daraja la feizi tatu na msongo wa kati, hana kazi hata moja ya kuonyesha, anakataliwa anaanza kusema kuna upendeleo. Omba daraja linaloendana na kazi unazoweza kuzithibitisha, pata leseni, fanya kazi, andika kila kazi kwenye daftari, halafu panda. Hakuna anayekuzuia kupanda na ukipanda na ushahidi unapanda haraka.

Sehemu ya uzoefu kwenye fomu ijaze kwa ukamilifu. "Nimefanya wayaringi nyumba nyingi" ni sentensi isiyosema kitu. Andika mwezi na mwaka, mtaa, nyumba ya vyumba vingapi, sakiti ngapi, feizi moja au tatu, wewe ulifanya nini hasa, kama ulikuwa msaidizi sema ulikuwa msaidizi wa nani. Na jiandae kuulizwa kuhusu kila ulichoandika. Mtu aliyenakili uzoefu wa mwenzake anajulikana kwenye swali la pili.

Hatua ya 4: ukishaipata usiikodishe

Hili nalisema kwa uchungu kabisa. Leseni ikitoka tu, ndani ya wiki utapigiwa simu na watu ambao walikuwa hawakusalimii, "kaka nina nyumba mbili nigongee". Hela yake ni rahisi, hutoki nyumbani. Lakini hebu fikiria unachouza pale. Unaandika kwamba umekagua na mfumo uko salama, na ndani ya ile nyumba kuna watoto wanaogusa friji na pasi, na hujawahi kuingia humo. Shoti ikitokea, wachunguzi wakaja, karatasi inakuja na namba yako, na leseni uliyoihangaikia inaweza kusimamishwa au kufutwa kwa nyumba ambayo huijui hata iko upande gani wa barabara.

Njia halali ipo na inalipa. Mwambie huyo fundi ambaye hana leseni kwamba utasimamia. Nenda mara tatu. Ya kwanza kabla ya plasta, uangalie mabomba yamepita wapi, maboksi yamekaa sawa, hakuna jointi iliyofichwa ukutani. Ya pili wakati wa kufunga DB, uangalie breka zinaendana na waya, siyo waya wa 1.5 umewekewa breka ya ampea 32. Ya tatu kupima kabisa na mega na kuandika usomaji. Chaji usimamizi na upimaji kama kazi mbili zinazoeleweka, mpe mteja bei hiyo mapema na siyo mwishoni. Fundi mdogo anajifunza, wewe unapata kipato cha haki, na yeye baada ya muda anakuwa na barua ya usimamizi kutoka kwako ya kupeleka kwenye maombi yake. Hivi ndo tunavyotakiwa kuleana kwenye hii fani, siyo kunyonyana mihuri.

Hatua ya 5: ifanye leseni ionekane kwenye hela

Wengi wanaishia kuilaminesheni na kuitundika. Leseni haijitangazi. Kuanzia siku hiyo kotesheni yako iwe ya kuandikwa, iwe na jina lako au la biashara, namba ya leseni na daraja lake, TIN, orodha ya vifaa, ufundi peke yake, na upimaji peke yake. Ukimaliza kazi mpe mteja karatasi ya vipimo yenye tarehe, usomaji wa kila sakiti na saini yako, na mchoro hata wa mkono wa DB unaoonyesha breka ipi inaenda wapi. Hiyo karatasi fundi asiye na leseni hawezi kuitoa, na mteja akishaizoea anaanza kuidai kwa kila fundi, hapo ndo soko linaanza kuja upande wako.

Halafu badilisha unaowauliza kazi. Mwenye nyumba ya kupanga vyumba sita atakubania bei hata uwe na leseni kumi. Lakini shule binafsi, zahanati, hoteli, ofisi za mashirika, maghala, hawa wanaombwa karatasi na wakaguzi na watu wa bima, kwa hiyo wao wenyewe wanatafuta fundi mwenye namba. Wapelekee kitu kidogo cha kuanzia, ukaguzi wa mfumo uliopo. Majengo mengi ya miaka ya nyuma yana DB ambazo hazina RCD kabisa, ethi imekatika, soketi zimeongezwa na kila fundi aliyepita. Ukiwapa ripoti ya kurasa mbili inayoeleweka, marekebisho utaitwa wewe.

Na kuna kazi za serikali. Manunuzi ya umma siku hizi yanapita kwenye mfumo wa NeST ulioanza kutumika 2023, na sheria inataka taasisi zitenge 30% ya manunuzi yao kwa makundi maalum, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Vijana watatu wanne wenye vyeti na leseni wakijiunga kwenye kikundi kilichosajiliwa wanaweza kuomba kazi ambazo mmoja mmoja wasingezigusa. Ila NeST inataka viambatanisho, na kiambatanisho cha kwanza kwenye kazi ya umeme ni leseni. Hapa ndo utaona tofauti ya yule aliyesema makaratasi hayana maana.

Kuna wanaosema sa hivi hamna tena kazi za wayaringi vijijini kwa sababu ya UMETA, kile kiboksi cha umeme tayari ambacho nyumba ndogo inawekewa bila wayaringi, na kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000 tu wakati mjini mteja wa karibu asiyehitaji nguzo anaanzia 320,960. Mimi naona kinyume. Mtu anaanza na taa mbili na soketi moja, mwaka unaofuata ananunua TV, wa tatu anataka friji na mashine ya kusaga juisi kwa biashara, hapo anahitaji wayaringi ya kweli na fundi wa kuaminika. Kadiri mita zinavyoingia vijijini ndo kazi inavyokuja, swali ni nani atakuwa na jina kwenye kile kijiji.

Hatua ya 6: chama, jiunge ukijua unalipia nini

Leseni haikusemei. Haikuambii bei ya pointi moja (yaani taa au soketi moja) wilayani kwenu ni kiasi gani, haikusaidii mteja akikudhulumu, haikuziki. Chama kizuri kinaweza. Fundi aliyejiajiri hana bosi wala mshahara wa ugonjwa wala wa kumuuliza kitu saa tatu usiku akiwa juu ya dari, kwa hiyo watu wa fani yake ndo ofisi yake.

Ila vyama havifanani. Kabla hujatoa ada omba kuiona katiba na cheti cha usajili. Uliza viongozi walichaguliwa lini na wanachaguliwa vipi. Uliza ada inalipwa wapi, kama inaingia kwenye simu ya mwenyekiti na siyo akaunti ya chama, achana nayo. Uliza mara ya mwisho walikaa na meneja wa TANESCO wa wilaya au watu wa EWURA wakaongelea nini, na je kuna mafunzo yoyote ya mwaka huu. Waulize wanachama wa kawaida, siyo viongozi, wewe umepata nini humu. Ukipata hata majibu mawili matatu yenye uzito, yaani kazi wanazopeana, bei ya chini waliyokubaliana, mfuko wa kufa na kuzikana, basi ada yake inarudi.

Ukikosa chama cha maana na mko mafundi kumi wenye leseni wilaya moja, anzeni wenyewe hata kwa kukutana mara moja kwa mwezi, mchangie mega moja nzuri na kipima ethi ambavyo kila mtu peke yake hawezi kununua. Na mkishakaa pamoja ongeleeni NSSF, inapokea waliojiajiri kwa kuchangia wenyewe, maana uti wa mgongo wa fundi hausubiri miaka sitini.

Usilipie vyeti vya "kimataifa" vya mtandaoni vinavyotolewa bila mtihani wala mtu kuona kazi yako. Vina mihuri ya dhahabu na majina marefu, lakini hapa nchini havifungui mlango hata mmoja kwa fundi umeme.

CRB usiikimbilie kama bado unafanya kazi za nyumba peke yako na msaidizi mmoja. Inakuhusu pale unapotaka kuwa mkandarasi kweli, unasajili kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara), unahitaji mtaalamu mwenye sifa za darasani kwenye kampuni, vifaa, ada ya kila mwaka, na kazi zako zinakuwa na ukomo wa thamani kulingana na daraja. Ukifika huko basi ujue pia wana mfuko wa kusaidia makandarasi wadogo na wa kati kupata dhamana za zabuni, ni kitu kikubwa sana kwa asiye na hati ya nyumba ya kuweka benki, na wengi waliosajiliwa hawajawahi hata kuuulizia huo mfuko.

Kwa walioko Kenya

Njia inafanana ila majina tofauti. Ujuzi unapimwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kwa grade test, unaanza grade III unapanda mpaka I, kwa hiyo aliyejifunza kazini naye ana mlango. Leseni inatolewa na EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli iliyochukua nafasi ya ERC kwa sheria ya nishati ya 2019, na madaraja ya mafundi yanaanzia C2 na C1, B, mpaka A2 na A1, wa sola wana T1, T2 na T3. Ukandarasi wa ujenzi unasajiliwa na NCA, mamlaka ya ujenzi, ngazi ya 8 ndo ya chini na ya 1 ndo ya juu. Fundi wa Tanzania asije akafikiri leseni ya EWURA itamruhusu kusaini Mombasa, wahandisi wana makubaliano ya kutambuana ndani ya Afrika Mashariki tangu 2012 lakini fundi umeme wa kawaida hayumo, ukivuka Namanga au Horohoro kutafuta kazi unaanza na NITA na EPRA.

Kuitunza

Leseni ina tarehe ya kuisha, iandike kwenye simu na kengele ya miezi mitatu kabla, kwa sababu ikiisha katikati ya kazi mteja wako ndo anakwama kwenye maombi na jina linaloharibika ni lako. Daftari la kazi liendelee, picha za kabla ya plasta ziendelee, karatasi za vipimo nakala moja ibaki kwako. Skani vyeti vyote uviweke kwenye barua pepe yako ili moto au mafuriko yakipita usianze upya. Na siku ukibadilisha laini ya simu, ingia LOIS ubadilishe na huko siku hiyo hiyo, maana taarifa za leseni yako zinatumwa kwenye namba na barua pepe uliyojisajilia.